Mzee Sufiani, Aliyekiuliza Kila Kijidudu Mama Yake Nani

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya magonjwa ya mifugo, Mzee Sufiani Pazi, fundi wa maabara, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996. Wenzake wanasema hawajui kama watalia au watapumua. Mimi nimefanya naye kazi miezi saba tu, tangu nimalize kidato cha nne, na nawaelewa.

Watu wengine huandika kwenye mrija wa bakteria mahali walipopatikana na tarehe. Mzee Sufiani hakubali. Kwake, mahali kijidudu kilipookotwa si lazima pawe kwao. Yeye ni Mluguru wa Matombo, ukoo wake ni wa mama, na anasema bakteria ni ndugu zake: kila kimoja kimetoka kwa mama, baba hayumo. Basi lebo yako ataikwangua kwa ukucha na kukurudishia mrija. Ukimwamkia asubuhi nao mkononi, hujibu: “Marahaba. Mama yake nani?”

Ukoo wote wa bakteria hao ameuchora nyuma ya kalenda za zamani zilizounganishwa kwa gundi, akautundika kwenye mlango wa friji. Anayetaka kufungua friji lazima kwanza awainue mabibi wote. Bwana Andrea, mkuu wetu, amegombana na karatasi hiyo miaka kumi.

Nimesimuliwa habari za mwaka 1993. Waliopunguzwa viwandani walianza kufuga kuku karibu kila ua wa Mwembesongo, hapa mjini, na vifaranga waliletwa na yeyote mwenye gari. Homa ya matumbo ilipowafagia kuku hao, lawama zilimwangukia Mwanvita, mama aliyeleta kuku wa kienyeji sokoni kutoka kijiji cha Mkuyuni. Alizuiwa kuuza. Ripoti ya maabara ya kumlaumu ilisubiri sahihi ya Mzee Sufiani tu, naye akakataa wiki tatu. Bwana Andrea alifoka mpaka sauti ikamkauka.

Mzee alikuwa akijaribu mrija mmoja mmoja: wa huu wanakula sukari gani, wanakufa kwa dawa gani. Bakteria wa Mwembesongo walifanana na wale wa boksi la vifaranga walioletwa kwa gari wakafika wamekufa. Wale wa zamani wa Mkuyuni, waliohifadhiwa kwenye friji tangu kabla ya ugonjwa, walikuwa ukoo mwingine kabisa. Mrija mmoja tu wa Mkuyuni ulifanana na wa mjini, nao ulitokana na kuku aliyekosa mnunuzi sokoni, Mwanvita akarudi naye nyumbani. Mji ndio uliopeleka ugonjwa kijijini. Mwanvita alirudi sokoni, na mpaka leo humletea Mzee mayai: “Mjomba, hata kuku wangu umewatetea kama wapwa!”

Mzee alipongezwa, kisha akaendelea kuwaudhi watu. Mwezi huu amenifanya nihamishie mirija yote mia moja na kumi na miwili kwenye chakula kipya, maana bila kupandwa upya bakteria hufa. Ishirini na minane niliiandika kwa mahali. Niliirudia yote.

Na ilionekana kazi bure. Siku hizi maabara inatakiwa kujitegemea, na friji yake imepangiwa chanjo za kuuza. Mirija ilikuwa ichemshwe na kutupwa Jumatatu. Mzee hakubishana, jambo lililotutisha.

Wiki iliyopita likaja boksi jingine la vifaranga wafu. Nilipanda bakteria wao, wakaota, nikampelekea Bwana Andrea mrija. Akauangalia kwenye mwanga, akauliza: “Mama yake nani?”

Akakohoa, akaenda kutoa soda zake kwenye friji ya ofisini.

Mirija yote imo humo sasa. Karatasi nayo iko mlangoni, na mkuu wetu hapati maji baridi mpaka awainue mabibi.

Ahsante, Mzee, kwa kutuchosha. Nenda Matombo ukapumzike, migomba ikuzalie, afya ikae nawe. Kupanda bakteria tena ni Septemba. Nitaandika mama zao kwanza, mahali baadaye.