Panga la Ndege Juu ya Mlango wa Baba

Mchungaji, wakwe zetu kutoka Embu, majirani wa Laare, na nyinyi mliosimama nje ya hema kwa sababu mlikuja mkifuata chakula, mimi ni Nelius, dada mkubwa wa marehemu. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi iliyopigwa chapa nisome, nikaipitia, ni safi, haina kosa, na Kiunga hayumo, kwa hivyo nitasoma hii niliyoandika mwenyewe kwa mkono wa darasa la nne.

Mwalimu Kiunga Muthamia alizaliwa tarehe 9 Machi 1942 hapa Laare, mtoto wa pili wa mzee Muthamia na mama Karimi, akasoma shule ya misheni kuanzia 1950 hadi 1957, akaenda Embu kujifunza useremala, na kuanzia Januari 1965 akafundisha vijana kazi ya mbao huko huko Embu hadi alipostaafu mwaka 1997. Huko ndiko alikompata Jedidah, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1968, na wale waliosema hiyo ndoa haitamaliza mwaka wako hapa leo, wawili nawaona. Walijaliwa Muthamia mwaka 1970, aliyepewa jina la babu yake kama desturi yetu inavyotaka, ingawa Nairobi anajiita Dickson, na Gacheri mwaka 1974.

Mwezi wa Agosti 1972 Kiunga alikuja kubomoa nyumba ya zamani ya baba, akaona boriti ya juu ya mlango imeundwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi, zimepinda kwa ustadi, akajua hiyo si kazi ya fundi wa hapa, akamuuliza baba, na baba, aliyenyamaza miaka hamsini na nne, akasema ni panga la ndege, lile linalozunguka puani na kuivuta angani.

Ndege yenyewe ilikuwa ya jeshi la Waingereza, B.E.2c, jamii yake ilianza kuundwa kwao mwaka 1912, mabawa mawili, moja juu ya lingine, mbao, waya na kitambaa, mwangalizi mbele na rubani nyuma, wakaitengeneza itulie sana hewani, ikatulia mno, ikashindwa kukwepa, Wajerumani wakaiangusha Ulaya kama kuku, na mwaka 1916 nyingine zikaletwa huku kwetu, jua likazila mbao. Moja ilianguka porini ng'ambo ya Voi, na baba, aliyechukuliwa Kariakoo, kikosi cha wachukuzi wa vita, bila kuulizwa, akaibeba injini yake kwa miti mabegani pamoja na wenzake siku nne, bega la kulia likashuka na halikupanda tena, nanyi wazee mlikuwa mkimcheka, na lile panga lililovunjika akaambiwa ni kuni, akakataa kulichoma, mwaka 1918 akaja nalo hadi hapa.

Kuanzia siku hiyo Kiunga aliisoma ndege hiyo kuliko Biblia, Jedidah akamwambia, "Baba Muthamia, ningekuwa na mabawa mawili na mimi ungenisoma," naye akacheka akaendelea kuandika barua Uingereza, akitaka kitu kimoja tu, jina la baba liandikwe mahali.

Mwezi wa Julai 2006, Kiunga akiwa Embu kwa mambo ya pensheni, walikuja wageni wa makumbusho fulani ya ng'ambo, wakampata hapa mwanawe wa Nairobi, wakampa fomu ijazwe ni nani aliyelileta panga hapa, na jina waliloliuliza lilikuwa kwenye kitambulisho chake mwenyewe, lakini aliona aibu kuitwa mjukuu wa mchukuzi, akawaambia babu yake alikuwa karani wa chifu na panga liliokotwa tu, akatia sahihi, panga likaenda nao. Mwaka 2009 ilikuja picha, panga limening'inizwa ukutani kwa taa, chini yake imeandikwa kwamba mchukuzi hajulikani.

Kiunga aliandika barua saba, akajibiwa mara moja, kwamba fomu ya familia yenyewe inampinga. Alimwomba mwanawe aandike kuifuta ile fomu, akaambiwa "nitaandika, Baba," miaka kumi na mitano, akaugua kiharusi mwezi wa Novemba 2024, mdomo ukapinda, na neno alilobaki nalo lilikuwa "barua," akafariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, akiwa na miaka themanini na tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliotoka Embu, majirani mliochota maji, na Gacheri, aliyeiandika barua hiyo jana jioni. Nimeiweka juu ya jeneza, kalamu iko kando yake, inangoja sahihi moja, na vijana wa kamba za kushushia jeneza nimewaambia wakae kwanza. Dickson, toa hiyo miwani myeusi uone mahali pa kuandika, na uandike Muthamia.

Pumzika kwa amani, mwana wa mama, sisi tutasimama hapa mpaka amalize.