Chapati za Mbwa

Ndugu zangu, kaeni tu, msisimame kwa ajili yangu. Mchungaji amesema nishuhudie kwa ufupi, na mke wangu yuko pale nyuma kuhakikisha.

Wengi mnanijua kama yule mtu wa hoteli njia ya Kabianga. Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani, kazi yangu kukagua majani ya chai. Mazuri ndani, mabaya kando. Nilikuwa mkali mpaka wenzangu wakiniona wanapitia mlango mwingine. Halafu mashine zikaja, tukapunguzwa kazi. Nikachukua kile kidogo nilichopewa, nikafungua hoteli. Shida ni kwamba kiwanda nilikiacha, lakini ukaguzi niliubeba.

Nawaambia, chapati yangu ilikuwa lazima iwe mviringo kabisa. Nilizipima na kifuniko cha sufuria! Ikivimba upande mmoja, inaenda kwenye karai la kando. Chai nayo ikikosa rangi, naichukua mbele ya mteja, mdomo wake ukiwa wazi, naimwaga. Wanafunzi wa chuo cha hapo karibu waliingia na njaa wakatoka na njaa, darasa limeanza. Mwalimu wao mmoja alilala mezani akingoja mayai. Nikamwamsha, kwa sababu alikuwa anakunja kitambaa cha meza.

Nyinyi chekeni. Wakati ule mimi sikuona la kucheka.

Mpishi wangu, mama mmoja wa Silibwet, mpishi kweli kweli, nilimfukuza kwa sababu alikata sukuma wiki nene. Wateja wakaisha. Nyumbani tukawa tunakula zile chapati zilizoanguka mtihani, asubuhi na jioni, mpaka mbwa wetu akiona karai anatoka bomani.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "hii ni hoteli ama ni kiwanda?"

Nikamwambia hajui biashara. Na mwenye nyumba ya hoteli alikuwa ameshaniambia kuna kinyozi anaitaka ile nafasi.

Basi siku moja ikanyesha mvua ya mawe, ile mnaijua, ya kuacha chai imebaki vijiti. Wachumaji wakakimbilia kwangu, wamelowa, wanatetemeka. Hoteli ikajaa mpaka mlangoni. Na mimi? Niko jikoni na kifuniko, napima. Mke wangu akaniangalia. Akabeba lile karai, akaanza kugawa.

Nikatoka mbio. "Mama watoto! Hizo ni za mbwa!"

Ndugu zangu, watu wote wakageuka kunitazama. Kulikuwa na mama mmoja Mkipsigis, mtu mzima, maji yanamtiririka usoni. Akaigeuza chapati yake huku na huku, akaimega, akatafuna, akameza.

"Basi huyo mbwa amebarikiwa," akasema. "Niongezee mbili za mbwa."

Weee! Hoteli ikapasuka kwa kicheko. "Na mimi za mbwa!" "Hapa tuko mbwa wanne, leta na chai!"

Nikaingia stoo, nikakaa kwenye gunia la unga. Nilidhani nimekasirika, kumbe nalia. Mke wangu akanifuata. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu: kwamba tangu nipunguzwe kazi, naogopa nikionekana na kosa moja tu, nitaondolewa tena.

Akasema, "Hapa ni kwako. Nani atakuondoa?" Halafu akaniambia nipanguse uso, watu wanangoja chai.

Kesho yake nikaenda Silibwet kumwomba yule mpishi msamaha. Aliniwekea kikombe cha chai iliyoungua, inanuka moshi, akakaa mbele yangu akinitazama. Nikainywa yote. Akafunga kitambaa chake cha kichwa, tukaondoka pamoja.

Hoteli iko, na yule kinyozi alipata mahali pengine. Sijapona kabisa. Juzi mpishi alinishika nikinyoosha vijiko, akanipiga mkono na mwiko. Asante kwake. Namshukuru yule mama wa mvua, ambaye siku hizi ana kiti chake pale dirishani. Nawashukuru nyinyi mliokuja kula wakati hakuna mtu mwingine aliyekuja, mkanivumilia. Na mke wangu, Mungu akulinde.

Kama una biashara hapa, nakuomba: mtu akija na njaa, mlishe. Mtu hakuja kukukagua, amekuja kula.

Sasa, chai ya baada ya ibada leo tumepika sisi. Ukipata mandazi yaliyopinda, usiniletee nione. Tafuna tu, na Bwana apewe sifa.