Visvaldis Dzenis, Mzee Aliyekirudishia Kinamasi cha Vilku Maji Yake

Wasifu huu umeandikwa na binti wa marehemu, Maruta, naye ndiye anayeusoma. Marehemu aliagiza uwe mfupi, akaongeza kwamba ukipambwa kwa sifa za uongo atagonga jeneza kwa ndani. Kwa hiyo makosa yake yametajwa humu pamoja na mema yake, na ya mwandishi hayakufichwa.

Visvaldis Dzenis alizaliwa tarehe 2 Februari 1946 katika kijiji cha Melnsala, mashariki mwa Latvia, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mpakani. Alikuwa mtoto pekee wa Alfons na Zelma. Alipozaliwa, baba yake alikuwa amejificha katikati ya kinamasi cha Vilku pamoja na wenzake sita, wakipigana na jeshi la Moscow kwa bunduki za kuokota na kuwangoja Waingereza na Wamarekani. Hawakuwa na shaka kwamba watakuja. Alfons alimwagiza mkewe amshonee shati jeupe la kitani, ili siku hiyo awapokee wageni akiwa mtu, si mnyama wa porini. Zelma alilishona. Wageni hawakuja. Kinamasi kilimlinda Alfons majira manne ya joto, lakini Februari 1949 baridi iligandisha matope, askari wakapita juu kwa miguu, naye akauawa, akabaki humohumo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Machi, Zelma na mwanawe walipakiwa kwenye behewa la ng'ombe wakapelekwa Siberia. Kila familia ilipewa muda mfupi wa kufungasha. Majirani walimsihi Zelma achukue viazi zaidi. Yeye alichukua shati. Behewani humo alikuwamo mtoto wa jirani, Olģerts, aliyekuwa na miaka mitano, na ugomvi wake na marehemu ulianzia hapo, juu ya nani akae karibu na ufa wa kuchungulia. Ugomvi huo ulidumu miaka sabini na sita.

Walirudi mwaka 1956. Visvaldis alisoma shule ya Melnsala, kisha chuo cha kilimo mjini Jelgava, alikohitimu mwaka 1969 kama mhandisi wa kukausha ardhi. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Biruta, mwalimu wa hesabu, aliyemposa akiwa amesimama ndani ya mfereji, maji magotini. Biruta alimjibu, "Toka kwanza humo, ndipo nitakuambia." Walijaliwa mtoto mmoja, Maruta. Biruta alitangulia mbele ya haki mwaka 2012, na hadi leo vikombe vyake hakuna aliyethubutu kuvihamisha.

Sasa kosa lake. Kati ya mwaka 1973 na 1975 marehemu alichora na kusimamia uchimbaji wa mifereji kumi na saba iliyokausha kinamasi cha Vilku, ili ng'ombe na majani ya serikali ya wakati ule vistawi. Kazi ilikuwa safi. Alipewa saa ya ukutani. Zelma aliletwa kuona, akasimama ukingoni, akatazama maji meusi yakikimbilia mtoni, kisha akamwambia mwanawe, "Umemfukua baba yako." Marehemu alikiri miaka mingi baadaye kwamba alikuwa kijana mwenye cheti na alidhani ardhi yenye maji ni ardhi yenye ugonjwa.

Januari 1991 aliendesha trekta hadi Riga, siku nzima barabarani, kwenda kuziba barabara pamoja na maelfu ya wengine wakati nchi ilipokuwa inajinasua mikononi mwa Moscow. Mwaka huohuo alijiunga na mgambo wa kujitolea. Na tarehe 29 Machi 2004, nchi ilipoingia NATO, muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika, Zelma, akiwa na miaka themanini na minne, alilitoa lile shati sandukuni, akalipiga pasi, akalitundika uani. "Wamefika," alisema. "Wamechelewa miaka hamsini na mitano, lakini wamefika." Visvaldis alilia hadharani, na isisemwe popote kwamba aliuchukia muungano huo. Alichokichukia ni usingizi uliofuata. Miaka miwili baadaye serikali iliacha kuwaita vijana jeshini, ghala la mgambo la Melnsala likageuzwa duka la matairi, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba wenzetu wapo.

Olģerts alikuwa hodari wa jibu hilo. "Wewe unahangaika nini, bwana? Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Apone, Olģerts," alijibu marehemu. "Haikusemwa afufuke."

Mwaka 2015 aliandika barua kwenye ofisi zinazohusika, akiomba mifereji yake izibwe ili kinamasi kirudi na kuzuia vifaru. Alijibiwa kwamba ulinzi wa mpaka umo katika mipango ya pamoja. Akasubiri mwaka mmoja, ambao kwake ulikuwa mwingi, kisha akaanza mwenyewe, kwa beleshi, mbao na udongo wa kinamasi. Mkaguzi alipokuja na karatasi ya onyo, marehemu alimmiminia chai, akasema, "Nilipochimba nilipewa saa ya ukutani. Ninapofukia napewa onyo. Basi chukua na saa."

Juni 2018, kwenye sikukuu ya katikati ya majira ya joto, bintiye, ambaye ni mtafsiri katika makao makuu ya muungano huo Brussels, alikuja nyumbani na kumkuta baba yake wa miaka sabini na miwili amejaa tope hadi shingoni. Jibini ilikuwa mezani, bia imemiminwa, na wageni wanasikia.

"Baba, unatuaibisha. Tuko nchi ishirini na tisa. Akiguswa mmoja wameguswa wote. Imeandikwa!"

"Imeandikwa, mwanangu, nami nimeisoma. Lakini jirani hukimbilia moto wako akikuona na ndoo mkononi. Akikukuta umekaa kibarazani na shati safi, atajiuliza kama ni moto au ni sherehe."

"Huo ni wazimu wa vita! Beleshi moja na mzee mmoja!"

"Basi chukua la pili, tuwe wawili."

Maruta aliondoka kabla ya nyama kuiva, na hakupiga simu miezi saba. Aliona haya kwa ajili ya baba yake, na leo anaona haya kwa ajili ya haya hiyo. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 2022, redio ilipotangaza kwamba vifaru vimeingia Ukraine, alimpigia.

"Baba, umefunga mifereji mingapi?"

"Tisa."

"Usiache."

Hakuacha, na hakuwa peke yake tena. Watu wa Melnsala walifanya msaragambo kila Jumamosi, na waliokuwa wakimcheka walifika na gambuti mpya. Mwaka 2023 gari la deraya la washirika waliokuja kufanya mazoezi lilizama katika sehemu iliyokuwa shamba kavu miaka hamsini. Marehemu alilivuta kwa trekta, akacheka hadi akakohoa, akampa kila askari soksi kavu. "Mmefika kweli," aliwaambia. "Na mmeona kwamba wenyewe tupo." Hiyo ndiyo siku bintiye alipomwona na furaha kuliko zote.

Kikohozi hakikuwa cha kicheko tu. Novemba 2024 madaktari waligundua ugonjwa wa mapafu. Wakati huo mifereji kumi na sita ilikuwa imezibwa, umebaki wa kumi na saba, unaopita katika malisho ya Olģerts na kunyonya maji ya mingine yote. Olģerts alikuwa amekataa miaka minane. Septemba mwaka huu alimtembelea rafiki yake hospitalini, mjini Rēzekne.

"Malisho yako bado makavu?" aliuliza marehemu.

"Makavu, na mwakani nakata majani mara mbili."

"Mwakani nitakuwa nimelala kilimani pale juu. Nitakuwa nakutazama."

"Utazame tu. Tangu Siberia ulikuwa mchunguliaji."

Walicheka, kisha Olģerts akatoka bila kuaga. Visvaldis Dzenis alifariki dunia kwa utulivu tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Juzi Olģerts aliwahamisha ng'ombe wake na kushusha mbao kando ya mfereji wa kumi na saba. Maruta alipokwenda kumshukuru, alifokewa. "Usinishukuru. Sizibi kwa kuwa alikuwa sahihi. Naziba ili nikimkuta huko asinianze tena na mfereji wake!" Alikuwa analia.

Marehemu ameacha binti, Maruta, mkwe, Normunds, wajukuu wawili, Elīza na Mārcis, rafiki na mshindani mmoja, Olģerts, na kinamasi kimoja kilichojaa maji. Shati la Alfons hakuvalishwa. Aliagiza mwenyewe: "Hilo ni shati la kungojea. Mimi nivalisheni sweta ya kazi na gambuti." Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na yeye anakwenda na za kwake.

Kila mmoja atatupa viganja vitatu vya mchanga, kama desturi. Baada ya hapo chakula hakitaandaliwa mara moja. Mabeleshi yameegemezwa langoni mwa makaburi, na mfereji uko mita mia nne kutoka hapa.

Apumzike kwa amani, maana yeye amemaliza zamu yake. Sisi tuondoke sasa, hatumngojei mtu.