Nyama ya Siku ya Kunizika

Sogeeni wanangu, ketini hapa kitandani, kifungua mimba wangu kulia na kitinda mimba kushoto, maana tangu mgombane hamjakaa pamoja hata kwa chai, na mama yenu sasa hana pumzi ya kupoteza.

Ugomvi wenu naujua. Binti yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kinachokuza nyama ndani ya mapipa, kutokana na kinofu kidogo cha ng'ombe ambaye hafi, anarudi zake malishoni. Akaniletea nionje, na kaka yake akasema hawezi kumlisha mzazi wake kitu kisichokuwa na mama. Nilicheka, lakini mkono ulishafika kwenye sahani. Ilikuwa nyama, tena laini kwa bibi asiye na meno. Kilichonisumbua ni kwamba nilikula nikashiba, na sikuwa na wa kumkumbuka.

Maana nyama ya nyumba hii niliijua tangu ikiwa ndama. Baba yenu alipofariki watu waliniambia niuze mifugo, nikawajibu ng'ombe haelemewi na nunduye, si watoto, si zizi. Nayatamani mapambazuko yale, wanangu, maziwa yakigonga ndoo, joto la ubavu wa ng'ombe shavuni, ndama akininyonya kidole akidhani nina cha kumpa. Na sheria yetu mnaijua: aliyemlisha mnyama ndiye humshika kichwa siku ya kuchinjwa, asijifiche jikoni. Nimewashika wengi. Kila mmoja alinitazama akatulia, kwa sababu ni mimi. Hilo liliniuma kila mara, na linaniuma hata leo.

Kwa hiyo binti yangu, usiseme tena kwamba zizi limepitwa na wakati. Usiache mbachao kwa msala upitao, kwani hata hicho kiwanda chenu kinofu kinakiomba kwa ng'ombe. Malisho yasiuzwe. Zizi ni lenu wote wawili, na asiyejua kukamua afundishwe na mwenzake bila kusimangwa.

Na wewe mwanangu, nimesikia ukimhamishia Mapengo nyuma ya jiko, ng'ombe kikongwe yule ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowasomesha. Ulidhani mgonjwa hasikii kwato? Unamweka kwa ajili ya wageni wa msiba wangu. Sasa niambie, nani atamshika kichwa, na mimi niliyemlisha nimelala kaburini?

Hachinjwi. Siku ya kunizika, wageni watakula nyama ya kiwanda cha dada yako, na wewe ndiye uwapakulie, mbele za watu. Atakayenuna mwambie ni amri ya marehemu.

Mungu awape riziki... na moyo wa kuigawana. Awape uzee wenye watu... kama huu wangu. Nimewasamehe yote, nami mnisamehe.

Usilie, binti yangu. Mpe kaka yako mkono. Nendeni mkamfungue Mapengo... wote wawili. Mimi nipo hapa.