Hilda Treadgold, Aliyemfunga Kamba Mkurugenzi

Baada ya miaka arobaini na sita kwenye meza ya mifupa, Bi. Hilda Treadgold anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 1962. Hapa Portsmouth kuna viuno vingi ambavyo Mungu hakuviumba. Viliumbwa na Hilda.

Aliingia kiwandani kwetu, kunakoshonwa koseti, yaani mavazi ya kubana kiuno, ana miaka kumi na minne. Siku ya kwanza msimamizi alimwambia, "Kalete mifupa." Hakuna aliyemweleza kwamba humu mfupa ni ukanda wa chuma unaochomekwa kwenye koseti ili tumbo lijue mipaka yake. Hilda akaenda buchani, akarudi na mifupa ya ng'ombe. Ilipikwa supu, na msimamizi akaomba bakuli la pili.

Tangu hapo amekata chuma, akakiziba ncha kisimchome mtu mbavu, akakichomeka kwenye kitambaa cha pamba nzito isiyovutika. Alikosea mara moja tu: mifupa ya mke wa meya ilizidi urefu, mama wa watu akala karamu nzima akiwa wima. "Si alitaka aonekane?" Hilda alisema. "Basi kaonekana."

Januari mwaka huu mkurugenzi wetu, Bw. Aubrey Cutler, alishuka kutuambia kwamba wasichana wa leo wanataka nguo za mpira unaovutika, zisizo na chuma, hivyo meza ya mifupa itafungwa. Mezani tuko wanawake tisa. Mume wangu ni baharia, nyumbani nina watoto wawili. Niliogopa. Hapo Bw. Cutler akaangusha kalamu, akainama kuiokota, na mgongo ukagoma. Akabaki amejikunja kama kamba aliyechemshwa.

"Mavis, niletee ile koseti ya pinki, saizi ya mwisho," Hilda akaniambia.

"Bi. Treadgold, tafadhali, hapana," mkurugenzi akasema kutoka huko chini.

"Nyamaza, bosi. Toa pumzi."

Akamfunga kamba juu ya shati, goti lake likiwa limekita mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja. Bw. Cutler akanyooka. Kisha akauliza kama kuna isiyo na lesi.

Ndivyo tulivyoanza kushona mikanda ya mgongo yenye mifupa ya chuma kwa ajili ya hospitali, na meza ikaachwa wazi ikisubiri mkataba. Mkurugenzi amesoma habari hii kabla haijachapwa, akafuta kitu kimoja tu: kipimo cha kiuno chake.

Hilda alitimiza miaka sitini mwezi Aprili, akaambiwa akapumzike. Akakataa katakata. Alijua akitoka kabla hospitali haijasaini mkataba, meza nayo itamfuata mlangoni. Kila Jumatatu alipanda ghorofani kuuliza, akashuka akisema, "Bado. Kateni chuma." Wiki iliyopita mkataba ulisainiwa, na jioni ileile ndipo alipoomba kustaafu.

Asante, Hilda. Kalale mpaka jua lichoke kukusubiri, ule keki, uliache tumbo liende litakako. Uishi vizuri, kwa raha zako. Meza ilikuwa ya watu tisa. Anayeondoka ni wewe peke yako.