Baga ya Kukutana na Wakwe

Benchi letu liko nje ya duka la Kinyozi. Jumatano ile alitukuta tunakunywa kahawa, akaketi na baga mapajani, imefungwa kwenye karatasi. Binti yake alikuwa amemwalika Jumamosi akutane na wakwe, kwenye mkahawa wa baga. Kinyozi hajawahi kula kitu hicho, na hataki kumwaibisha mwanawe.

— Kwanza igeuze juu chini, akasema Injinia, fundi bomba wetu. Mkate wa juu ndio mnene. Ule wa chini ukilowa tu, umekwisha.

— Usimsikilize, akasema Profesa, anayeuza magazeti na kuyasoma yote kabla hajayauza. Gumba na vidole vidogo chini, vilivyobaki juu. Hiyo ni fizikia.

— Nakula baga au napiga filimbi?

— Na uiname! akaongeza Profesa. Kitu kikidondoka, kidondokee sahanini.

— Nijikunje mbele ya wakwe kama nachungulia kisima?

Mimi, seremala, nikasema kwangu kuna jiliwa la kubania mbao. Tuibane kidogo, iwe bapa kama sandwichi.

— Aizungushie utepe wa mabomba, akadakia Injinia. Haivuji ng'o.

— Bora aseme daktari kamkataza nyama, akasema Profesa.

— Na mkate je? akauliza Kinyozi.

— Na mkate. Na kukaa mkahawani.

Kinyozi akaifungua, akapanga vidole kama alivyofundishwa, akainama. Baga haikufika mdomoni. Nyama ikachomoka, nyanya ikafuata, mchuzi wote ukaishia kwenye koti lake jeupe.

— Gumba! Profesa akafoka. Si nilisema gumba?

Muuguzi wa zahanati alikuwa amesimama hapo kununua kahawa. Yeye hakuitazama baga.

— Baba, mikono hii imeanza kutetemeka lini?

Sote watatu hunyolewa na mikono hiyo. Injinia akapapasa nyuma ya sikio, penye mkwaruzo mbichi.

— Mwaka jana, Kinyozi akasema taratibu. Nilidhani hamjaona.

— Tuliona, kaka, nikamwambia. Ndiyo maana siku hizi tukikaa kwenye kiti chako hatupigi soga.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Muuguzi akamwambia afike zahanati kesho asubuhi. Kinyozi akajifuta vidole, akatoa simu.

— Mwanangu, Jumamosi nakuja. Ila ukae kando yangu, unikatie vipande. Nina jambo nililokuficha.