Mama mdogo aliomba wimbo, mimi nikatafuta bafle

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, amani iwe kwenu. Mtanisamehe nikisoma kwenye karatasi. Nimeandika kwa Kiswahili bora, kile cha misa, kwa sababu nikisema kwa kichwa nitarudi nyuma kusahihisha kila neno, na jua litatua kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Hata karatasi hii ni ya tano. Nne nilizichana. Huo ndio ugonjwa wenyewe ninaotaka kuwaambia.

Mnanijua kama kijana wa gitaa wa Bel-Air. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa simu, nikisimamisha video kila mara na kurudia, mpaka vidole vikaota sugu. Nikiwa peke yangu chumbani nilikuwa mzuri, nasema bila aibu. Lakini gitaa la mbao lina sauti ndogo. Wakae watu thelathini uani, masufuria yagongane, mtoto mmoja alie, hutalisikia tena.

Mara yangu ya kwanza mbele ya watu ilikuwa sherehe ya mahari ya binamu yangu. Mtu wa muziki alikuwa na bafle, spika ndefu kuliko mimi. Akanipa kable, nikachomeka, nikaenda kukaa mbele kabisa ya bafle ili nijisikie vizuri. Sikujua kwamba gitaa ni sanduku lenye mdomo wazi. Linameza sauti inayotoka kwenye bafle, linairudisha, bafle inaitoa tena kubwa zaidi, mpaka vyote viwili vinapiga yowe. Basi likapiga yowe. Watu wakaziba masikio. Mjomba mmoja wa upande wa bibi harusi akasimama na chupa yake mkononi.

"Eh! Hii imbwa ni ya nani? Muifunge, bakwe banaogopa!"

Wakwe na wenyeji wote wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Nyumbani nilikaa siku mbili bila kugusa gitaa, kisha nikaapa: sitapiga tena mbele ya mtu mpaka sauti iwe safi kabisa.

Sikilizeni kiapo hicho kilinipeleka wapi. Nilinunua ampli, kikuza sauti cha gitaa la umeme, cha mitumba. Gitaa langu likatoa sauti ya bati linalopigwa mawe. Nikatafuta bafle mbili. Nikaagiza kutoka Kipushi mashine ya kuchanganya sauti yenye matundu kumi na mawili, mimi mwenye gitaa moja na mdomo mmoja. Nikabandika kapteri, kile kidude kinachokaa ndani ya gitaa na kusikia mitetemo ya nyuzi. Kila kimoja kiliondoa kasoro moja na kuleta nyingine. Umeme ukikatika, jirani anawasha jenereta, na mngurumo wake unaingia mpaka ndani ya kable zangu. Nilikuwa ninainamisha sikio kwenye bafle kama daktari, nikitafuta kelele. Nilizipata kila siku, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Watu waliniita. Ubatizo, terasi ya bia ya rafiki, kwaya ya vijana. Niliwaambia nina homa. Kuna mwezi niliugua homa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Sasa nifike mahali ninapoogopa.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliugua moyo, miguu ikavimba, akawa hatoki tena uani kwake, hapa hapa Kampemba. Siku moja alinipigia simu.

"Mutoto yangu, ukuye Jumatano. Bamama ba shirika banakuya kusali hapa kwangu. Utupigie wimbo moja tu, ule wa Mama Maria."

"Mama, ungoje kidogo. Son ya gitaa haiko muzuri. Niko nangojea kapteri ingine."

"Son? Minaikala pembeni yako, mutoto. Nitasikia."

"Apana, mama. Nataka usikie bien, muzuri kabisa."

Nilisikia anavyohema.

"Sawa," akasema. "Mi niko hapa."

Jumatano tatu zilipita. Kabla ya ile ya nne alikuwa amefariki.

Nikasema moyoni, nitamlipa kwenye kilio. Nitampigia wimbo ule ule kabla jeneza halijatoka, na utasikika vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kusikia. Nilikodi pikapu nikapakia vyote. Baba mdogo, mume wake, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, macho mekundu. Akaniambia, "Katekista akimaliza sala, weye unapiga, kisha tunabeba." Hayo ndiyo aliyoniagiza.

Nikaanza kutandaza waya. Akina mama walikuwa wanaimba, nami nikawaomba wanyamaze nipime sauti. Ndiyo, ndugu zangu. Niliwanyamazisha akina mama wenye kilio ili niseme "moja, mbili, moja, mbili" kwenye mikro mbele ya jeneza. Kisha umeme ukakatika. Tukawasha jenereta, mngurumo ukaja. Nikabadilisha kable, mngurumo bado. Nikabadilisha nyingine. Katekista akamaliza sala. Baba mdogo akanitazama. Nikainua kidole kimoja: dakika moja. Akangoja. Akanitazama tena. Nikainua kidole tena.

Mara ya tatu hakunitazama. Alisema tu, "Tubebe."

Wakambeba wakapita juu ya waya zangu. Mwanaume wa nyuma akanasa mguu kwenye kable, na jeneza likainama upande mmoja. Wanawake wakapiga kelele. Halikuanguka, wengine walilidaka. Nami nilikuwa nimepiga magoti pale chini, nimeshika kable mkononi, nyimbo zikitoka barabarani na kupungua. Makaburini sikwenda. Nilibaki nikikunja waya, moja moja, vizuri sana, bila fundo.

Baada ya hapo gitaa lilikaa chini ya kitanda. Ndugu wote walinihurumia. "Si kosa lako." "Ni ya courant, umeme ulikatika." "Mungu aliona moyo wako." Kila neno la huruma lilinisukuma chini zaidi, kwa sababu nilijua ni kosa langu. Nilikuwa nazunguka mtaa mzima nisipite mbele ya ua ule. Msiniulize nilikuwa nafikiria nini siku hizo. Mengine hayasomwi mbele ya watu.

Ikafika siku ya kuondoa kilio. Mnajua haki ya bajukulu, wajukuu wa ukoo, kwetu: wanaruhusiwa kumcheka marehemu na kuwacheka waliobaki, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mkubwa wao ni dada mmoja tunayemwita yaya, anayeuza samaki sokoni, mwenye sauti ya soko. Saa nane mchana, chakula kikiwa bado jikoni, alilala katikati ya ua, akajifunika kitenge, akafunga macho. Mwenzake akapiga magoti kando yake, bakuli limefunikwa sikioni, kamba ya nguo mkononi. Nilijua ni mimi kabla hajafungua mdomo.

"Ungoje, mama, usikufe kwanza! Kuko ka-bruit, ka-kelele!"

Maiti akafungua jicho moja. "Mutoto, Petro eko ananingojea ku mulango."

"Umuambie angoje! Niko natafuta kable!"

"Kable ya nini? Mi nilikuomba wimbo, weye unaniletea courant!"

"Dakika moja, mama!"

"Bon, minaenda. Utakuya na pikapu yako."

Ua wote ulicheka. Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Mimi nilicheka kwa midomo, halafu kitu kikakatika ndani yangu, nikalia kwa sauti kama mtoto, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeninyamazisha. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamesema ukweli wenyewe: aliomba, na sikumpa. Uzito ule nilikuwa nimeubeba peke yangu, na sasa ulikuwa chini, katikati ya ua, kila mtu anauona.

Yule dada akaamka, akajipangusa vumbi.

"Weye, baba ya mafils, ya mawaya! Amende yako, faini yako, si bia. Amende yako ni kupiga. Unaenda kwako, mukono moja guitare, mukono ingine kintu kimoja. Kimoja! Ukileta pikapu, tunaichoma."

"Yaya, sijagusa gitaa tangu..."

"Unakasirika?"

"Sikasiriki, yaya."

"Basi ukimbie!"

Nilikimbia. Chumbani nilisimama nikitazama vyombo vyangu. Kimoja tu kilibebeka kwa mkono mmoja: ampli ndogo ya betri, ukubwa wa mkate, tundu moja la gitaa na moja la mikro. Nilikuwa nimeinunua ya mazoezi, nikaidharau kwa sababu ina mchirizo mdogo wa kelele, ssss, kama chai inayokaribia kuchemka.

Nilirudi nayo uani, nikaiweka juu ya kiti, mbele yangu kidogo na upande, ikiwatazama watu, mgongo wake kwangu. Nikapunguza besi. Haikupiga yowe. Nikapiga wimbo wa Mama Maria. Mchirizo ulikuwepo. Ubeti wa pili nilikosea, vidole vilikuwa vimelegea kwa kukaa, na akina mama wakaimba juu ya kosa langu wakaliziba. Nilipomaliza, Baba mdogo aliitazama ile ampli muda mrefu.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, baba."

"Ndjo hii alikuwa anaomba."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Sijapona kabisa, ndugu zangu. Usiku kabla ya kupiga bado naamka kupima kable. Lakini sasa napiga. Bafle kubwa na mashine ya matundu kumi na mawili nimeziacha kwenye salle, ukumbi wa parokia, huko zina kazi. Vijana wenye gitaa mlio hapa, nawaambia nilichojifunza kwa aibu. Kabla ya kununua chochote, ulizeni watu ni wangapi na umeme upo au haupo. Kwa watu thelathini uani, ampli ya betri unayoweza kutembea nayo inatosha. Usikae mbele yake. Gitaa likianza kulia, punguza besi, geuza kiti, usikimbilie dukani. Na mtu akikuomba wimbo, nenda.

Nawashukuru bajukulu, walionicheka wakaniokoa. Namshukuru fundi wa redio aliyenirekebishia kapteri na kuniuliza, "Weye unapigia bantu makumi tatu, bafle ya stade, ya uwanja wa mpira, ni ya nini?" Namshukuru Baba mdogo, ambaye bado ananifungulia mlango. Mama mdogo siwezi kumshukuru kwa wimbo. Hakuusikia, na hilo halitabadilika.

Mama uliyekaa karibu na dirisha, wiki jana uliniambia baba yako mzee hashuki tena kitandani, na anapenda nyimbo za zamani. Nilikujibu, "Tutaona." Nilikosa. Tukimaliza sala tuongozane. Gitaa liko nyuma ya mlango, na betri nimezijaza asubuhi.